Kengele na Fulana ya Buluu

Kwa mwanangu Loren, shule huchaguliwa sakafuni. Kila mwaka mwezi wa sita, wiki moja kabla ya soko la vitabu vya mitumba pale kanisani, mkwe wangu Janelle hukunja zulia la sebuleni na kumwaga chini kila walichosomea mwaka mzima: vitabu vya hesabu, vijiti vya kuhesabia, herufi za sumaku, ramani, miwani ya kuogelea, filimbi, hata kamba ya kuvutia kondoo ya klabu ya wafugaji wadogo. Kisha yeye na watoto hupanga mafungu mawili, la kubaki na la kuuza. La kuuza hupakiwa garini likaenda kununuliwa na kina mama wengine wanaosomesha nyumbani, ambao nao mwakani watalirudisha palepale. Kuna kitabu kimoja cha Kilatini nina hakika kimezunguka wilaya yetu yote na hakuna aliyefika ukurasa wa kumi.

Sheria ni ya Janelle. Kitu hakibaki mpaka kipate mtetezi, na mtetezi lazima awe mtoto, tena aseme kilimfundisha nini. Mtu mzima aliyekileta nyumbani haruhusiwi kufungua mdomo. Janelle mwenyewe aliwahi kupoteza hivyo sanduku zima la masomo ya mwaka, lile linalokuja limepangwa siku hadi siku, uliza hili, jibu ni hili. Mimi ningelitetea. Lilikuwa sanduku zuri, lina mpango. Lakini mimi si mtoto, basi nikalitazama likienda.

Mwaka huu kengele yangu ya shaba ilikuwa sakafuni pamoja na vitu vingine, na kando yake fulana ya buluu. Fulana ni sare ya kundi la kina mama wa mji wa pili, wanaokusanya watoto wao kila Jumatano na kuwafundisha kwa zamu, maigizo, majaribio ya sayansi, mambo chungu nzima. Kengele ni mimi. Na Jumatano ni moja. Ikibaki kengele, Jumatano za mwaka ujao ni zangu na wajukuu wangu. Ikibaki fulana, narudi kuwa bibi wa Jumapili, wa nyama ya kuoka na viazi na haya kwaherini.

Nikaketi kwenye kiti cha Loren, mikono mapajani, nimeamriwa kunyamaza. Mwalimu wa miaka yote ile, ananyamazishwa na mkwe. Hii dunia ina mambo.

Ngoja nieleze nilivyofika pale.

Nilifundisha darasa la pili katika shule ya serikali hapa mjini mpaka magoti yakagoma. Nusu ya watu wazima wa mji huu ni mimi niliyewafundisha kufunga kamba za viatu, akiwemo mchungaji na yule bwana wa benki anayejifanya hanikumbuki. Janelle aliposema hatawapeleka watoto shule, atawafundisha mwenyewe mezani, nilimwambia nyumbani hufugwa kuku. Wala sikusema kwa sauti ya chini. Akanijibu, "Sawa, Mama," na ile "sawa" yake ikakaa kati yetu miaka kadhaa kama mwiba wa samaki kooni.

Kisha mume wangu Delmer akafariki. Sitaki kulia hapa, nasema tu kwamba Jumatano ndiyo ilikuwa siku yetu ya kwenda mkahawani kula pai, na Jumatano bila Delmer haina mwisho. Unafua, unapiga deki, unatazama saa, bado ni asubuhi. Kwa hiyo Janelle alipopata kazi ya siku moja kwa wiki kwa daktari wa meno, na siku yenyewe Jumatano, nilimeza kiburi changu nikampigia simu.

"Watoto nitakaa nao mimi," nikasema.

"Si kukaa nao tu, Mama. Jumatano wanasoma."

"Kwani mimi maisha yangu yote nilikuwa nauza karanga?"

Akacheka kidogo. "Haya. Tujaribu mpaka mwezi wa sita. Kisha tutaona sakafuni."

Basi Jumatano ya kwanza niliingia na silaha zangu zote: kengele niliyopewa na shule siku ya kustaafu, chati za rangi, na vibandiko vya nyota vya kumpa anayejibu vizuri. Nikasimama mlangoni mwa jikoni nikaipiga. Mbwa akakimbilia chini ya kochi. Tirzah, ana miaka kumi na mmoja, akashuka ngazi mbio.

"Bibi, kuna moto?"

"Hakuna moto. Pangeni mstari."

Mdogo wake, Corwin, wa miaka minane, akamtazama dada yake kwanza, kisha mimi. "Mstari wa kwenda wapi?"

"Mezani."

"Meza si hii hapa?" akasema, na kweli alikuwa ameiegemea.

Wakapanga mstari wa watu wawili, kwa hisani tu, halafu wakakaa. Nami nikafungua somo kama nilivyolifungua maisha yangu yote.

"Mji mkuu wa jimbo letu unaitwaje?"

Wakatazamana. Nikasema moyoni, ndiyo haya niliyoyasema, kuku. Mara Corwin akanyoosha mkono juu ya meza akanishika kiganja, taratibu kabisa.

"Ni Des Moines, Bibi. Ulikwenda na babu kwenye maonyesho. Unamkumbuka yule ng'ombe aliyechongwa kwa siagi?"

"Namkumbuka vizuri sana. Saba mara saba?"

"Arobaini na tisa," akasema Tirzah polepole, akinichunguza usoni. "Bibi, unataka maji?"

Nikawauliza rangi za bendera, nikawauliza mahindi hupandwa mwezi gani, nikawauliza wiki ina siku ngapi. Kila wakijibu wananisogezea kitu: maji, mto wa kuegemea, keki ya lozi iliyopindwa kama herufi S, ile ninayoipenda. Nikaondoka nimefurahi. Nikasema watoto wale wana adabu, tena wanajua, kumbe Janelle anaiweza kazi. Jumatano ya pili mambo yakawa yaleyale, isipokuwa Corwin alinishika mkono kunivusha uani kwao, penye gari moja tu, tena limezimwa.

Jumamosi yake Loren akaja kwangu bila kualikwa. Mwanangu huuza mbegu za mahindi, na msimu wa kupanda hana muda hata wa kukata nywele, kwa hiyo nilipomwona mlangoni amevua kofia nikajua kuna jambo. Akakaa. Akanywa kahawa. Akazungusha kikombe.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Jumamosi. Kwani wewe hujui?"

"Najua. Na huu ni mwezi gani?"

"Loren."

"Jibu tu, Mama. Mtaa huu unaitwaje?"

Mtaa huo ndio niliomlelea yeye. Nikahisi joto linapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Jibu analo, anajua kwamba ninalo, na bado ananikodolea macho ya huruma akingoja nikosee. Nilidhalilika, sijui niseme vipi tena.

"Ukiniuliza tena kitu ambacho jibu lake unalo mfukoni," nikamwambia, "nakumwagia hii kahawa."

Akashusha pumzi. "Watoto wanasema umeanza kusahau. Wanasema unauliza mambo ya wazi, mji mkuu, siku za wiki. Tirzah amelia. Janelle anaona labda hizi Jumatano zinakuchosha, labda twende kwanza kwa daktari."

"Nilikuwa nafundisha."

"Unafundisha kwa kuuliza vitu unavyovijua?"

"Sasa watu hufundishaje?"

Loren akakuna kichwa. "Mama, kwetu mtu akiuliza kitu maana yake hakijui. Ndivyo walivyokua. Akiuliza Janelle mji fulani uko wapi, ni kwa sababu anautafuta. Hawa watoto hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye jibu."

Tukatazamana. Nikaanza kucheka mimi, akafuata yeye, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika yenyewe. Nikamhesabia jedwali la saba kurudi nyuma, kutoka saba mara saba hadi saba mara moja, ili aende akawatulize watu wake.

Lakini alipoondoka sikucheka tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisemi kwamba nilifundisha vibaya. Watoto thelathini huwezi kuwafundisha kwa kuulizana habari, na anayesema unaweza na ajaribu siku moja yenye mvua. Nasema tu kwamba lile joto la shingoni sikuwa nimewahi kulionja, na sikulipenda hata kidogo.

Jumatano ya tatu nikawaketisha. Wakanisogezea maji kabla sijasema neno.

"Leo nawauliza kitu nisichokijua," nikasema.

Usifikiri ni kazi rahisi. Mwalimu akitafuta kitu asichokijua ni kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nilikuwa nimeanza kutafuta tangu Jumapili. Nikakipata kwa Delmer. Kwenye kingo za kijito, nyuma ya shamba la soya, kuna mashimo. Delmer alisema ni ya ndege. Mimi nilisema ni ya panya wa majini. Tulibishana juu ya mashimo yale tangu tulipooana, kila tukipita darajani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushuka akatazama.

"Nataka kujua nani alikuwa sahihi," nikasema. "Mimi au babu yenu."

Tirzah akakaza macho. "Kweli hujui, au unatupima?"

"Sijui hata chembe."

Hapo ndipo nilipoona vitu ambavyo sikuwahi kuviona mezani kwangu. Viti viligongana. Corwin alivaa buti za dada yake. Tirzah alipekua rafu akavuta kitabu cha ndege ambacho mama yao alikinunua sokoni miaka mitatu nyuma na hakuna aliyekigusa, akachukua na futi, kamba, tochi, na mikate yenye nyama kwenye mfuko. Mimi nilibebeshwa ndoo, nikaambiwa ndiyo kiti changu.

Na tangu siku hiyo Jumatano zetu zikawa za kijitoni. Tulipima kila shimo upana na kina, tukatafuta wastani, nikakumbuka kwamba wastani niliufundisha kwa pipi na haukuwahi kueleweka hivi. Tulichora nyayo. Tirzah alisoma kwa sauti habari za kila ndege anayechimba, na kila alipofika kwenye neno gumu tulilitafuta pamoja, maana mengine hata mimi sikuyajua. Corwin alilala kifudifudi kwenye matope bila kujikuna. Mtoto ambaye mama yake anasema hawezi kutulia dakika mbili.

Kosa langu moja lilikuwa kengele. Siku ya kwanza, wakati wa chakula ulipofika, nikaipiga kwa mazoea, na kitu kikachomoka shimoni fyuu, kikapotea kwenye vichaka. Hakuna aliyekiona vizuri. Corwin akanigeukia.

"Bibi. Umemfukuza."

"Nani?"

"Si ndiyo hatujui."

Na wiki nyingine nikasahau nikaipiga tena. Mazoea yana taabu.

Janelle alirudi mapema siku moja akatukuta uani tunaoshana miguu kwa mpira wa maji. Akatazama matope, akatazama kamba yetu yenye mafundo ya kupimia mashimo.

"Na hesabu?" akauliza.

"Tumetafuta wastani."

"Na kusoma?"

"Kurasa ishirini za ndege."

"Sawa, Mama," akasema, na mimi ile "sawa" bado sikuweza kuisoma. Wiki mbili baadaye aliomba ruhusa kazini, akawapeleka watoto wakajaribu lile kundi la mji wa pili. Nilikaa nyumbani Jumatano hiyo nikapiga deki mara mbili. Walirudi jioni na fulana ya buluu, wanaimba wimbo wa maigizo kwa sauti mbili, na Tirzah aliuimba mpaka Jumapili juu ya nyama yangu ya kuoka.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa kwenye kiti cha Loren na moyo unanidunda.

Fungu la kuuza lilikuwa linakua. Herufi za sumaku zilikwenda, hakuna aliyezihitaji tena. Kilatini kilikwenda, kikaendelee na safari zake. Vijiti vya kuhesabia Corwin alivitetea kwa nguvu, akasema bila vijiti angejua tu kwamba sehemu hugawanywa kwa kupindua, asingejua kwa nini. Kamba ya kondoo ilibaki. Kitabu cha ndege Tirzah alikikumbatia kabla hakijatajwa.

"Kengele," akasema Janelle.

Akaiweka katikati ya sakafu. Nikatazama dirishani. Tirzah akamtazama Corwin, Corwin akajikuna goti.

"Hakuna anayeitetea?" Janelle akauliza, na nitamsifu hapa, sauti yake haikuwa ya mtu anayeshinda. Akauliza mara ya pili. Akaniangalia mimi, kisha watoto, akangoja kupita kiasi.

Corwin akainuka. Akaishika kengele ulimi wake usilie, akaipeleka kwenye fungu la kuuza, akaiweka juu ya Kilatini.

Akufukuzaye hakwambii toka. Sikungoja fulana. Nikasimama, nikatafuta mkoba wangu, nikasema nimeacha oveni inawaka, na oveni yangu haijawashwa tangu Jumapili. Na hasira nilikuwa nazo, nisijifanye malaika. Kengele ile nilikabidhiwa mbele ya ukumbi mzima, watu wamesimama wanapiga makofi, leo iko juu ya Kilatini.

"Bibi, unakwenda wapi?" Corwin akauliza.

"Nyumbani."

"Mama, ngoja kidogo," akasema Janelle. Akainua fulana haraka. "Na hii? Nani anaitetea?"

Tirzah akaipokea, akaikunjua, akaitazama. "Maigizo yalikuwa mazuri," akasema. "Mazuri sana. Ila ni Jumatano." Akaikunja vizuri akaiweka juu ya kengele.

Janelle akabaki mikono mitupu. "Sasa nyinyi mnataka nini? Jumatano moja, vitu viwili, vyote mmevitupa. Fulana hamtaki, kengele ya Bibi hamtaki."

"Kengele inafukuza ndege," akasema Corwin, kwa subira, kama anamwelewesha mtoto mdogo. "Au panya. Bado hatujajua. Tukiendelea kwenda nayo hatutajua milele."

"Kwa hiyo Bibi..."

"Kengele ni kengele, Mama. Bibi ni Bibi."

Janelle akaketi pale pale chini, katikati ya vitabu, akajifunika uso kwa mikono, na nikaona mabega yake yanacheka. "Nimekaa siku tatu nikijiuliza nitakwambia nini, Mama, wakichagua fulana," akasema. Alikuwa ananiambia mimi.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Corwin, kwa sababu yeye alikuwa amegeuka ananitazama mimi na mkoba wangu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa ameelewa kwa nini nimesimama. Sasa alianza kufikiri.

"Bibi," akasema, "mwaka ujao utakuja Jumatano?"

Nimeulizwa maswali na watoto maisha yangu yote. Mtoto mwenye jibu mfukoni namjua, hata ajifiche vipi. Huyu hakuwa nalo. Alisimama na soksi moja mguuni, mdomo wazi kidogo, anangoja, na aliliogopa jibu langu kama nilivyoliogopa lake asubuhi nzima.

Sijui nilipatwa na nini. Nilinyoosha mkono, juu kabisa, kama wale watoto wangu wa darasa la pili.

"Bibi," akasema Tirzah, "hapa hatunyooshi mkono."

Nikaushusha, nikawaambia nitakuja.